Daktari Anajibu: Thalidomaidi, mbona bado inatolewa?

Barua nyingi safari hii zimegusa dawa moja, kwa hiyo safu nzima nimeiachia hiyo. Baadhi nimezifupisha.

Daktari shikamoo. Baba yangu kagundulika na saratani ya uboho, ile wanaita maieloma, na kwenye dawa alizoandikiwa kuna moja inaitwa thalidomaidi. Nilipoenda kumchukulia dirishani nikaulizwa kama ni mjamzito, akaja mwingine akaniuliza tena, nikasainishwa fomu, na boksi lenyewe lina mchoro wa mama mwenye tumbo umepigwa mstari. Halafu mzee akaambiwa mbele yangu atumie kondomu, jamani alinyamaza njia nzima. Nimekuja kusoma kwenye simu kumbe ndo ile dawa iliyofanya watoto wazaliwe hawana mikono. Kwanini kitu kama hicho bado kinatolewa? Nimwache kweli aendelee nayo? – Binti wa mgonjwa

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na la mwisho maana ndo linalokukosesha usingizi: ndiyo, aendelee, kama daktari wake wa saratani ndo kaiandika na anamfuatilia. Na ndiyo, ni dawa ile ile, haikubadilishwa chochote. Ili yote mawili yakuingie akilini itabidi nikurudishe nyuma.

Dawa hii ilitoka Ujerumani Magharibi, kampuni ya Chemie Grünenthal iliyopo mji wa Stolberg, ikaingia sokoni tarehe 1 Oktoba 1957 kwa jina la Contergan kama dawa ya usingizi na kutuliza akili, na ilikuwa unanunua tu bila cheti cha daktari. Kilichowavutia watu ni kwamba dawa za usingizi za wakati ule mtu akizidisha anakufa, na wengi walikuwa wanajiua nazo kweli, sasa hii ikaja ambayo panya hata umpe nyingi vipi hafi. Basi ikatangazwa kwamba haina sumu. Uingereza ikaanza kuuzwa 1958 na kampuni ya Distillers kwa jina la Distaval, na matangazo yao yakawaambia madaktari wazi wazi kabisa kwamba mjamzito na anayenyonyesha wapewe tu, haimdhuru mama wala mtoto. Hakuna aliyekuwa amepima hilo. Yaani hapo ndo pananiuma mpaka leo, kwa sababu wangesema tu "hatujui" mama wengi wangesita, na madaktari wangesita zaidi.

Wajawazito wakaipenda maana ilituliza na kile kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Ikafika nchi 46 kwa majina tofauti tofauti, kuna mahali ikachanganywa kwenye dawa za mafua, pumu, kipandauso, kwa hiyo mama angeweza kuimeza bila hata kujua kwamba kaimeza. Na kabla hata haijaanza kuuzwa, siku ya Krismasi ya 1956, mtoto wa mfanyakazi wa kampuni hiyo alizaliwa hana masikio. Hakuna aliyeunganisha.

Baada ya hapo watoto wakaanza kuzaliwa mfululizo, mikono haipo, au kiganja kimeota pale pale begani na vidole vitatu, wengine miguu, wengine macho na masikio, na ndani moyo una hitilafu, figo, utumbo umeziba. Hiyo ya viungo vifupi kitaalamu inaitwa fokomelia, na kabla ya hapo daktari wa uzazi angeweza kustaafu hajaona hata mmoja. Walizaliwa zaidi ya 10,000 duniani, wengi wakafa wachanga, na mimba zilizotoka hazimo kwenye hesabu hiyo.

Mtu aliyeifukuzia ni Dk. Widukind Lenz, daktari wa watoto wa Hamburg. Mwaka 1961 mwanasheria mmoja, Karl Schulte-Hillen, alimfuata kwa sababu mwanawe na mtoto wa dada yake walizaliwa na ulemavu unaofanana, na ukoo wao haukuwahi kuwa na kitu hicho. Lenz akaanza kuwatembelea akina mama, anauliza ulikula nini, ulipigwa eksirei, ulitumia sabuni gani, wakati ule wengine walidhani ni mionzi ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Na angalia hili: alipowauliza mara ya kwanza walitumia dawa gani wajawazito, mama kadhaa hawakuitaja Contergan kabisa. Aliporudi na kuitaja yeye kwa jina wakasema ndiyo tulikunywa, ila hatukuandika kwa sababu ile si ya kuhesabu, haina madhara. Tangazo lilikuwa limeshafanya kazi yake mpaka kwenye kumbukumbu za watu.

Tarehe 15 Novemba 1961 aliipigia simu kampuni na kuwaambia iondoeni, siku tatu baadaye akasimama kwenye mkutano wa madaktari wa watoto Düsseldorf akasema kuna dawa anaishuku. Gazeti la Welt am Sonntag likaitoa habari tarehe 26 na kampuni ndo ikaondoa dawa. Upande mwingine wa dunia, Australia, daktari wa uzazi William McBride naye alikuwa ameshaona hivyo hivyo, na barua yake fupi ikatoka kwenye jarida la The Lancet mwezi Desemba. Uingereza waliacha kuuza wakati huo huo, lakini Kanada ilichelewa mpaka Machi 1962 na Japani mpaka Septemba 1962, na mimba za miezi hiyo yote ya katikati zingeweza kuokolewa, watu wanasahau sana hilo.

Sasa kwanini imerudi. Mwaka 1964 Dk. Jacob Sheskin kule Jerusalem alikuwa na mgonjwa wa ukoma aliyepata ule mlipuko wa vinundu vya ngozi vyenye maumivu makali, halali usiku wala mchana. Akampa thalidomaidi apate tu usingizi. Ndani ya siku chache vidonda na maumivu vikaanza kupoa, kitu ambacho hakikutegemewa na mtu. Baadaye watafiti wakagundua inazuia mishipa midogo ya damu isiote, na saratani inahitaji mishipa hiyo ili ikue, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa maieloma walioshindikana na baadhi wakapata nafuu, matokeo yakachapishwa 1999. Marekani iliiruhusu kwa ukoma 1998 na kwa maieloma 2006. Hiyo ndo safari mpaka ikamfikia baba.

Kuhusu kondomu, mweleze mzee kwa heshima, au bora zaidi umtafute kaka au baba mdogo aongee naye, kwamba hakuna aliyemtilia shaka tabia. Dawa inaingia kwenye shahawa, kwa hiyo sheria ni kwa kila mwanaume anayeitumia awe kijana au mzee, wakati wa dozi na kwa muda baada ya kumaliza kama daktari atakavyosema. Asichangie damu pia. Wewe mwenyewe usifungue wala kuvunja vidonge, ukivigusa nawa mikono, na kama una ujauzito au unautarajia mwachie mtu mwingine kazi hiyo. Muangalie mambo matatu: ganzi au kuchomachoma kwenye vidole vya mikono na miguu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, na kifua kubana au pumzi kukata ghafla. La kwanza mwambie daktari wake mapema. La pili na la tatu ni hospitali siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa damu imeganda.

Dokta, kuna stori kwamba Marekani waliponea chupuchupu kwa sababu ya mama mmoja tu pale serikalini ambaye alijua itadhuru watoto. Ni kweli au ndo zile za kutiwa chumvi? – Msomaji wa siku zote

Mama yupo na ni kweli kabisa, ila "alijua" hapana, na mimi naona ukweli wenyewe unafundisha zaidi. Dk. Frances Kelsey aliajiriwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1960, bado mgeni kazini anapewa faili la thalidomaidi mwezi Septemba, kampuni ya Richardson-Merrell inataka kuiuza kwa jina la Kevadon. Dawa ilikuwa imeshaenea Ulaya, wakaona hili faili rahisi tu. Na sheria ya wakati ule ilikuwa inasema serikali isipopinga ndani ya siku 60 dawa inapita yenyewe.

Yeye akasoma pamoja na wenzake, mmoja mtaalamu wa namna dawa zinavyofanya kazi mwilini na mmoja mkemia, wakaona maelezo ni mepesi, mengi ni ushuhuda wa madaktari kuliko utafiti. Akawarudishia, akataka data zaidi. Wakaleta, haikutosha, akarudisha tena. Kampuni ikawa inapiga simu, inakuja ofisini, inalalamika kwa wakubwa wake kwamba huyu mama ni msumbufu na anawachelewesha. Mwanzoni mwa 1961 akakutana na barua kwenye jarida la madaktari la Uingereza, ya Desemba 31, 1960, daktari anaitwa Leslie Florence anasema wagonjwa wake waliotumia dawa hii muda mrefu wanapata ganzi mikononi na miguuni. Kampuni haikuwa imemwambia hilo. Akauliza sasa: kama inaharibu mishipa ya fahamu ya mtu mzima, ikimfikia mtoto tumboni inakuwaje? Alikuwa na sababu ya kuuliza, wakati wa vita alifanya utafiti wa kwinini kwa sungura na akaona dawa inavuka kondo la nyuma inaingia kwa mtoto, ilhali madaktari wengi wa enzi zile waliamini kondo ni ukuta.

Kwa hiyo kilichomshtua kilikuwa ganzi ya vidole, habari za watoto hazikuwa zimetoka bado. Na mpaka leo ganzi hiyo hiyo ndo nimemwambia binti wa barua ya kwanza aiangalie kwa baba yake.

Marekani hawakutoka salama kabisa lakini. Kampuni ilikuwa imeshagawa sampuli kwa madaktari zaidi ya 1,000 kwa jina la majaribio, wagonjwa kama 20,000 wakazitumia, wengi hawakuambiwa kwamba wanajaribiwa, na watoto 17 wanajulikana kuzaliwa na ulemavu huo. Ombi la kuiuza likaondolewa Machi 1962, Agosti Rais Kennedy akamvisha Kelsey nishani, na Oktoba 10 ikasainiwa sheria mpya kwamba mwenye dawa athibitishe inafanya kazi, sio kwamba ni salama tu, na mgonjwa wa majaribio aombwe ridhaa yake. Uingereza nao wakaanzisha 1964 kadi ya njano, daktari akiona dhara analolishuku anaijaza anatuma. Hizo fomu unazoona leo zimetokana na hayo.

Naomba kuuliza, walisema ilijaribiwa kwa wanyama ikaonekana haina shida. Sa majaribio ya wanyama yana faida gani kama yanadanganya? Na nimesoma tatizo lilikuwa nusu ya dawa ni nzuri nusu ni mbaya, wangezitenganisha isingetokea. – Mwanafunzi

Mwanangu hapo kuna vitu viwili. Majaribio yao yaliangalia hasa dozi gani inaua. Wajawazito wa wanyama hawakupimwa inavyotakiwa kabla ya kuuza. Baada ya msiba ndo watu wakarudi maabara, na wakakuta sungura wa aina fulani na nyani wanazaa watoto wenye kasoro, ila panya haimsumbui sana. Sababu ilikuja kujulikana 2010, watafiti wa Japani, Takumi Ito na Hiroshi Handa na wenzao, waligundua dawa inajishikiza kwenye protini inaitwa serebloni. Kazi ya serebloni ndani ya seli ni kama mtu anayebandika alama kwenye vitu vya kutupwa, sasa dawa ikimshika anaanza kubandika alama kwenye vitu ambavyo bado vinahitajika. Kwa mtoto anayeumbwa, protini moja inayotupwa hivyo inaitwa SALL4, ilitambuliwa 2018, na watu wanaozaliwa na hitilafu ya jeni ya SALL4 wanakuwa na mikono inayofanana sana na ya watoto wa thalidomaidi. Kwenye maieloma vinavyotupwa ni protini ambazo seli ya saratani inazitegemea iishi. Njia moja hiyo hiyo, huku inaponya kule inaharibu. Serebloni ya panya ina tofauti ndogo tu, ndo maana alipona.

Hiyo ya nusu nzuri nusu mbaya imeenea sana mpaka darasani. Ni kweli molekuli ipo kwa sura mbili, moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo. Lakini ukimpa mtu sura moja tupu, mwili wake unaigeuza inakuwa mchanganyiko tena baada ya saa chache. Kutenganisha kusingewaokoa.

Ni kweli kidonge kimoja tu kilitosha? Naona kama haiwezekani. – Mama wa wawili

Ni kweli, mama. Kilichoamua zaidi ni siku. Hatari ilikuwa takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutunga, mwanzoni mwa dirisha hilo yanaharibika masikio, inafuata mikono, mwishoni miguu. Lenz na wenzake waliweza kuangalia mtoto wakakisia mama alikunywa siku zipi. Na fikiria ni kipindi gani hicho, hedhi imechelewa wiki moja mpaka tatu, wengi hata hawajajua kama wana ujauzito. Wale akina mama walibeba lawama miaka na miaka, wakati walichofanya ni kunywa kitu walichoambiwa na daktari ni salama.

Wale watoto wa dawa hiyo wakikua wakazaa, wanao wanarithi? Nina mchumba na ndugu wananitisha. – Naomba jina lisitajwe

Hapana, hawarithi. Dawa iliharibu namna viungo vilivyokuwa vinaumbwa, jeni zenyewe hazikuguswa. Waathirika wengi wamezaa, na watoto wao hawana hatari kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Miaka ya nyuma kuna waliodai inarithiwa, ikachunguzwa, haikuthibitika. Ila kama ulemavu wa mchumba wako haukutokana na dawa hii nendeni pamoja mkaonane na daktari wa masuala ya kurithi, maana kuna kasoro za mikono zinazofanana kwa macho na ambazo zinarithiwa. Waambie ndugu hivyo hivyo.

Walilipwa lakini? Kuna aliyefungwa? – Mdau

Hakuna aliyefungwa. Ujerumani kesi ya jinai ilianza Alsdorf Mei 1968 na ikasimamishwa Desemba 1970 bila hukumu, kampuni ikakubali kutoa marki milioni 100 na familia zikazuiwa kudai tena. Uingereza mahakama ililizuia gazeti la Sunday Times kuchapisha habari ya dawa ilivyotengenezwa na kupimwa eti kesi za fidia bado hazijaisha, malipo ya pauni milioni 20 yakapatikana 1973 baada ya kelele nyingi, na mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema zuio lile lilivunja uhuru wa habari. Grünenthal iliomba radhi hadharani Agosti 2012, miaka 50 na ushee baadaye, siku ya kuzindua sanamu ya mtoto asiye na mikono kule Stolberg. Waathirika wengi waliikataa radhi hiyo na mimi nawaelewa, wengi wao sasa ni wazee, mabega na migongo imechoka kwa kufanya kila kitu kwa miguu na meno.

Dokta naogopa. Nina kifafa, natumia valproeti miaka mingi, na mwezi huu hedhi imechelewa. Baada ya kusoma habari za dawa hizi nataka niziache leo leo. – Dada

Dada yangu usiache. Hili nakuomba kabla sijasema lingine. Ukikata valproeti ghafla degedege linaweza kukupata mfululizo, likakuua wewe na mimba kwa pamoja. Pima mkojo leo, halafu ukiwa na jibu nenda kwa daktari anayekutibu kifafa leo au kesho, usisubiri tarehe ya kliniki, na mwambie neno "mjamzito" mlangoni kabisa.

Sitakuficha, valproeti ni kati ya dawa zenye hatari ya kweli kwa mtoto. Karibu 1 kati ya 10 wanazaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwa mojawapo, na 3 mpaka 4 kati ya 10 wanaweza kuchelewa kuongea, kutembea au kujifunza. Ndo maana siku hizi msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba haanzishiwi kama kuna dawa nyingine inayomfaa. Lakini maana yake pia ni kwamba wengi wanazaliwa hawana kasoro, na daktari ana mambo ya kufanya: kuangalia kama dozi inashuka au dawa inabadilishwa, kukupa foliki asidi, kukupangia ultrasaundi ya kumkagua mtoto viungo. Kama kipimo kitasema huna mimba bado nenda, mpange dawa kabla, na utumie uzazi wa mpango mpaka mtakapokubaliana. Na wengine mnaosoma mnaotumia isotretinoini ya chunusi, nanyi mnahusika, ile kwa mimba ni hatari sana na haitakiwi kuazimana.

Mume wangu alikuwa anatumia thalidomaidi, amefariki. Vimebaki vidonge. Jirani yangu ana mgonjwa mwenye ukoma ananiomba nimpe maana ni ghali. Nimpe? – Mjane

Pole sana mama, Mungu akutie nguvu. Usimpe, hata kama roho inakuuma kumnyima. Brazil dawa hii iliendelea kutumika kwa ukoma miaka yote, na watoto wakaendelea kuzaliwa na ulemavu ule ule muda mrefu baada ya 1962, sababu mojawapo ikiwa watu kugawiana vidonge nyumbani. Kuna wanawake walioangalia ule mchoro wa mjamzito aliyepigwa mstari wakaelewa kwamba ni dawa ya kuzuia mimba, wakainywa kwa ajili hiyo. Jirani amrudishe mgonjwa wake kwa daktari anayemtibu ukoma, ule mlipuko wa vinundu una dawa nyingine na yeye ndo wa kuchagua. Vya kwako virudishe na boksi lake kwenye famasia ya hospitali iliyokupa, usivitupe chooni wala jalalani, na mpaka siku utakayokwenda vifungie mahali ambapo mabinti wa nyumbani hawafiki.